Herufi Moja Uliyoniachia, Njoroge

Njoroge,

Sikusalimii. Salamu utaipata mwisho wa barua, hasira ikipungua, na sina hakika itapungua. Tangu tukuzike sijakuandikia hata neno moja. Wenzetu kwenye grupu ya darasa waliandika "lala salama" na kuweka vimishumaa, nikatoka kwenye grupu. Ulale kwa nini? Hukuwa umechoka. Ulikuwa na kazi hujaimaliza.

Nianze na helmeti. Wewe uliyekuwa ukikagua waya mara tatu kabla ya kuchomeka plagi, wewe uliyenikataza kugusa bodi kabla sijavua saa, ulipanda boda kutoka Mwiki jioni ya mvua na helmeti ya abiria ikining'inia kwenye usukani. Mwenye boda alituambia hospitalini, akiwa na mkono uliofungwa, kwamba alikupa ukakataa. Ulimwambia, "Hapa ni karibu tu." Karibu tu! Na mbele yenu kulikuwa na lori la mawe limesimamishwa barabarani bila taa, bila hata tawi la mti la kuonya watu. Nimemkasirikia dereva wa lori, ambaye alitoweka. Nimemkasirikia polisi aliyetuambia turudi kesho, na kesho yake akatuambia turudi kesho. Lakini hao siwajui. Wewe ndiye rafiki yangu, kwa hivyo hasira kubwa ni yako.

Sasa sikiliza habari za nyumbani, maana nadhani hujui.

Mashine uliyomjengea Mama yako pale Gitothua, ile ya kuangua vifaranga, iliungua. Si yote. Sanduku la mbao ni zima, vioo ni vizima, feni ni nzima. Stima ilipotea asubuhi, ikarudi na nguvu kupita kiasi, na ile bodi ndogo iliyokuwa ikipima joto, kuwasha na kuzima balbu, na kugeuza trei za mayai, ikatoa moshi ikafa. Trei zilikuwa zimejaa. Mengine yalikuwa mayai ya akina mama wa Mwiki, wale wateja uliowapelekea vifaranga siku ile.

Unajua Mama alifanya nini? Aliifanya kazi ya bodi kwa mikono yake. Alihamishia godoro lake kwenye chumba cha mashine, akawa anaangalia kipimajoto, anawasha balbu, anazima balbu, anageuza mayai moja moja, analala kidogo, anaamka. Mama mwenye presha, Njoroge. Nilipomtembelea miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya ndani havimwingii, na bado aliniambia nisipige kelele mayai yasishtuke. Ankol wako Mwaura akaja akaona, akasema basi, mashine itamuua dada yake. Jumamosi ataleta mtu aibebe, chumba kipate mpangaji. Mama akamjibu, "Ngoja Nafura. Nafura ndio anajua hiyo mashine." Nafula ni mimi, na mashine siijui. Nilikuwa nakujua wewe.

Lakini nilijiambia ni kitu rahisi. Bodi mpya ilipatikana. Laptopu yako Mama alinipa mwenyewe, imefungwa kwenye leso kama mtoto. Programu imo ndani. Nitaitengeneza upya, nitaipakia kwenye bodi, nitarudi kazini kwangu Thika kabla supavaiza hajaanza kuuliza niko wapi. Nikakaa jikoni kwa Mama, nikaifungua, nikaanza.

Na hapo nikakukuta umenitegea.

Ile programu ya zamani, iliyokuwa ikifanya kazi, iliungua pamoja na bodi. Ndani ya laptopu kulikuwa na mpya, uliyokuwa umeanza kuipanga. Na nani alikwambia uipange? Mimi. Nilikusumbua mwaka mzima kwamba faili moja ndefu vile ni aibu, uigawe vipande vipande. Ukaigawa. Kompaila, ile inayotafsiri maandishi yetu kwa lugha ya mashine, ikapita kila faili peke yake, ikaridhika na kila moja. Kisha ikafika zamu ya linka, ile inayochukua vipande vyote na kuviunganisha viwe programu moja, inayohakikisha kila kazi, yaani kila fungu la maagizo lenye jina lake, iliyoitwa mahali fulani kweli imeandikwa mahali fulani. Linka ikakataa. Ilisema kuna kazi yenye jina soma_hari. Imeitwa hapa, imeitwa pale, na haipo popote.

Unakumbuka jina tulilolipa kosa hilo tukiwa chuoni? "Ametajwa hayuko." Lilipotokea kwenye kompyuta ya mtu yeyote darasani, mmoja wetu alisema hivyo kwa sauti ya mwalimu wa zamu anayeita majina, na mwingine alijibu, "Yuko nyumbani, mgonjwa." Tulicheka sana na upuuzi huo. Safari hii nililisema peke yangu jikoni kwa Mama yako, kwa mazoea tu, na hakuna aliyejibu. Nikafunga laptopu kwa kishindo hadi Mama akaja kuangalia nimevunja nini.

Nilifanya yote uliyonifundisha na mengine uliyonikataza. Nilifuta vipande vyote vya zamani nikajenga upya kutoka mwanzo, labda kuna kipande kilichooza. Kosa lile lile. Niliangalia kama kuna faili niliyoisahau kuiweka kwenye amri ya kujenga. Zote zilikuwamo. Nilibadilisha mpangilio wa maktaba, hii mbele, ile nyuma, kama mtu anayepanga masufuria. Niliangalia kama kuna herufi kubwa mahali pa ndogo. Nilitafuta soma_hari kwenye laptopu nzima, kwenye flashi zako, hata kwenye ile simu yako iliyopasuka kioo. Niliipata inapoitwa. Niliipata imetangazwa kwenye orodha ya kazi mwanzoni mwa programu, imetangazwa vizuri kabisa, ndiyo maana kompaila haikulalamika. Ila yenyewe, mwili wake, mistari ya kupima hiyo hari, sikuipata.

Na nilikumbuka maneno yako ya mwisho kwenye simu, asubuhi ya siku ile. Ulisema, "Nafu, tulia, nimebakisha faili moja tu." Faili moja tu. Nikajua. Ulikufa hujaiandika. Kazi nzima ya kupima joto ulikuwa nayo kichwani, na kichwa hukukivalisha helmeti.

Ee, nilikutukana. Nilikutukana kwa Kibukusu ambacho hukijui, nikakutukana na kwa Kikuyu ulichonifundisha mwenyewe. Mama alikuwa nje anaanika nguo na nadhani alisikia.

Nilijaribu kujidanganya pia. Niliandika soma_hari yangu mwenyewe, fupi, inayotoa nambari moja tu kila inapoulizwa, ili linka inyamaze. Ikanyamaza. Programu ikajengwa, nikaipakia kwenye bodi, nikaijaribu mezani na balbu moja, mbali na mayai. Balbu haikuwaka kabisa. Nikapuliza kipimio kwa hewa baridi ya feni, haikuwaka. Bila shaka haikuwaka! Nilikuwa nimeiambia siku zote joto liko sawa. Ingewekwa kwenye mashine ingeua kila yai huku inaamini mambo ni mazuri. Nikaifuta. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi ilikuwa inakuja na Ankol wako na pikapu yake.

Sasa nikuulize jambo. Unamkumbuka yule mwalimu wetu wa programu pale chuoni Thika? Unamkumbuka, najua. Alikuwa na tabia ya kukusimamisha usome programu kwa sauti, si kwa sababu hajui kusoma, ila kwa sababu anataka kicheko. Ulisema "roop" mahali pa "loop", ukasema "riblaly" mahali pa "library", darasa likaanguka. Akasubiri kicheko kiishe, kisha akakwambia, "Hebu uandike hivyo hivyo tuone kama mashine itakuelewa." Kisha akanisimamisha mimi Mbukusu, nikasema "tepak" mahali pa "debug", wakacheka upya. Tulitoka pale tukaenda kwa yule mama wa mahindi choma nje ya geti, wewe huongei, unatafuna tu. Halafu ukasema, "Mimi nitaandika majina yote na Kiswahili. Hiyo ni yetu sisi wote. Nani atanicheka?" Na kweli uliandika. Washa_balbu. Geuza_trei. Nilifikiri ni utani, kumbe ulikuwa umeapa.

Mwalimu huyo alikuja kwenye mazishi yako. Sikutaka kukwambia lakini nakwambia. Alipewa maikrofoni, akasimama na tai nyeusi, akasema wewe ulikuwa kijana wa lugha safi, kwamba alikutambua mapema, kwamba alikulea. Alikulea! Watu wakapiga makofi. Mama yako naye akapiga makofi kwa sababu hakuwa anajua, na mimi nilikuwa nimeshika sahani ya mukimo na nilitamani kuirusha. Sikuirusha. Ungekuwepo ungeniambia nitulie.

Turudi Alhamisi. Saa za mchana, niko jikoni kwenye kile kiti kifupi, laptopu iko juu ya ndoo iliyofunikwa, macho yanauma. Kwenye skrini kuna ule mstari wa linka: soma_hari haipo. Mama akatoka chumba cha mashine na kikombe changu cha chai, akasimama mlangoni akishikilia fremu kwa sababu ya miguu, akaniuliza kama anavyoniuliza kila siku tangu nianze kukaa pale.

"Hari iko aje, Nafura?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwamba bado. Badala yake nikageukia skrini.

Hari iko aje.

Njoroge, mimi nimesikia Mama akisema "hari" tangu siku uliponipeleka kwenu mara ya kwanza. Hari yako, hari ya kazi, hari ya wazazi wako Bungoma. Masikio yangu yalishazoea kuibadilisha yenyewe, hata siisikii. Lakini macho hayakuzoea. Macho yangu yalisoma hari yakaniletea ile ya vitabuni, hari ya jasho na jua kali, joto. Soma hari, soma joto. Ilikaa sawa kabisa! Nani angeishuku? Ningeandika neno ambalo halina maana ningelishtukia siku ya kwanza. Wewe ukakosea herufi ukaangukia neno zima lenye maana yake, tena maana inayofaa.

Na kwenye ile faili ya vipimio, iliyokuwa imelala pale siku zote nikiipita, kulikuwa na kazi yenye jina soma_hali. Niliiona mara nyingi sana. Nikadhani ni ya unyevu, hali ya hewa, kwa sababu kile kipimio chako kinapima joto na unyevu pamoja, na wewe ulivyo mgumu hukuweka hata mstari mmoja wa maelezo. Nilikuomba maelezo hadi nikachoka! Uliniambia, "Si mimi niko? Utaniuriza." Haya, nakuuliza. Sasa nikaangalia vizuri. Soma_hali hakuna mahali popote ilipokuwa ikiitwa, kwenye programu nzima. Moja inaitwa na haipo, nyingine ipo na haiitwi, na tofauti yao ni herufi moja, ile ile iliyokufanya utafune mahindi bila kuongea.

Ulikuwa umeshaiandika. Ulikuwa umeimaliza. Hukwenda nayo popote.

Nilicheka hadi Mama akashtuka, chai ikamwagika kwenye kanzu yake. Kisha nikalia, na hakikuwa kilio cha adabu kama kile cha kanisani. Mama aliweka kikombe chini akanishika kichwa, akasema, "Ũũi, Ngai, nini tena?" Ningemweleza vipi? Nilimwambia tu, "Mama, Njoroge alimaliza." Akaanza kulia pia, sijui alielewa nini.

Sasa kurekebisha ni jambo la sekunde, na hapa ndipo nilipokasirika upya. Mkono wangu ulianza kubadilisha hari zote ziwe hali. Ni Kiswahili sahihi, ndivyo inavyotakiwa, hata nilihisi vizuri kwa dakika moja. Ya kwanza, ya pili. Nikasimama. Niliangalia ulivyoandika. Mahali ulipokuwa unakimbia, ukiwa na furaha, mawazo yanakuja mbio, uliandika hari. Kila mahali, hari. Kwenye ile faili ya vipimio peke yake, ambako ulikuwa unaanza upya, polepole, ukijua mimi nitaisoma na pengine wengine, uliandika hali. Ile l uliiandika ukijichunga. Uliiandika ukimsikia yule mtu mwenye tai akisubiri kicheko kiishe. Miaka yote hiyo, uko nyumbani kwenu, peke yako na laptopu yako, bado alikuwa amesimama nyuma ya kiti chako.

Hilo limenikasirisha kuliko lori. Lori lilikugonga mara moja.

Nikarudisha zile mbili nilizobadilisha. Nikaenda kwenye faili ya vipimio, nikaitoa ile l, nikaweka r. Soma_hari. Nikajenga. Linka haikusema kitu. Haijui Kiswahili sanifu, haijui Kikuyu, inachotaka ni jina moja liandikwe vile vile kote. Mashine ilikuelewa, Njoroge. Umeandika hivyo hivyo, na imekuelewa.

Jumamosi Ankol wako alifika na pikapu na mtu wake. Balbu zilikuwa zinawaka na kuzima zenyewe. Trei ikajigeuza mbele ya macho yao na ule mlio wake mbaya wa kukwaruza ambao hukuwahi kuutengeneza. Ankol aliangalia, akaangalia, akauliza nani ameitengeneza. Mama akamwambia ni wewe. Ankol hakubishana naye. Alikunywa chai, akabeba sukuma wiki kutoka kwa shamba la Mama, akaondoka na pikapu tupu.

Si mayai yote yaliyopona. Mengine yalipoa wakati wa mateso ya Mama, na sitakudanganya. Lakini yaliyobaki yalianza kutoboka juzi, na nilikuwepo. Mama hakuwa chumbani. Alikuwa amelala kitandani kwake, mchana, mlango wazi, akikoroma, na mimi ndiye niliyemwamsha aje aone. Alichukua kimoja kikiwa bado kimelowa, akakiweka kiganjani, akakiuliza hari yake.

Kwa hivyo nakuaga sasa, na nakuahidi mambo mawili, maana la tatu sitaweza. Nitaweka maelezo. Kila faili, kila kazi, hata zile zinazojieleza, ili siku nyingine asikae mtu mwingine kwenye kile kiti kifupi akikutukana. Na juu ya soma_hari nimeandika kwamba jina hili liko sawa, limeandikwa hivi kwa kukusudia, asiligeuze mtu. Atakayelisahihisha atanijua. La tatu lilikuwa kwamba nitaacha kukukasirikia. Hilo nimejaribu kuliandika mara kadhaa, naona bado halijengeki.

Salamu yako niliyokunyima, chukua basi. Nakupa ile ya kwenu, kama Mama anavyoitoa, bila kuibadilisha masikioni.

Hari yako, Njoroge?

Nafula wako,
Thika